Walimu wa awali, chekechea na deikea: namna ya kuheshimiana na kushikana kuanzia kwenye kata yenu, hatua kwa hatua

Ingia ofisi ya walimu ya shule yoyote ya msingi utasikia mwalimu wa awali anaitwa "madam wa vidudu", na anacheka tu kwasababu kashazoea. Yeye mwenyewe akitoka hapo akapita deikea ya mtaani anasema wale sio walimu wale, ni mahausigeli wamepewa aproni. Wa deikea naye akikaa na mzazi anasema shule za serikali watoto wanarundikwa tu hakuna anayewaangalia. Yani kila mtu ana wa kumdharau, alafu jioni wote tunalalamika kwamba jamii haituheshimu.

Huu mwongozo nimeuandika kwa ajili ya walimu wa awali na walezi wa kata moja, Tanzania bara hasa, watu ambao mnaweza kufikiana kwa miguu au kwa bodaboda ya buku. Msimamo wangu nausema mapema: msianze na chama. Katiba, mwenyekiti, fulana, muhuri, hivyo vyote viwekeni pembeni kwanza. Anzeni na kazi ndogo mnazoweza kufanya pamoja, kwasababu watu waliokata maboksi pamoja Jumamosi mbili tatu hawasemani vibaya kirahisi. Hatua nimezipanga kwa mpangilio huo.

HATUA YA KWANZA: jueni kwanini mmegawanyika

Mgawanyiko wetu haukuanzia kwenye roho mbaya, unaanzia ofisini. Darasa la awali liko upande wa Wizara ya Elimu, mnatembelewa na wathibiti ubora, mnafuata mtaala wa Taasisi ya Elimu. Kituo cha kulelea watoto mchana, yani deikea, kinasajiliwa upande wa ustawi wa jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwahiyo mlezi wa mtoto wa miaka mitatu na mwalimu wa mtoto wa miaka mitano wanaweza kuwa wanafanya kazi mtaa mmoja miaka yote na hawajawahi kuitwa kwenye kikao kimoja. Kisha kuna mwalimu wa kujitolea, kuna wa chekechea ya kanisa, kuna dada msaidizi anayelisha na kubadilisha nguo, kila mmoja na bosi wake. Zanzibar ndo kabisa, wana skuli za maandalizi, vituo vya TuTu (Tucheze Tujifunze) na zile za madrasa zilizoanza 1990.

Na historia nayo imetubana. Sera ya Elimu ya 1995 iliweka awali ya miaka miwili kwenye mfumo rasmi, ile ya 2014 ikasema isipungue mwaka mmoja, alafu ukaja waraka wa 2015 wa elimu bila ada na kuanzia 2016 watoto wakamiminika awali kuliko madarasa na walimu waliokuwepo. Ukimkuta mwenzio wa serikali ana watoto themanini kwenye chumba kimoja usimwambie hajui kazi. Wewe mwenye watoto ishirini na dada wawili wa kukusaidia usingedumu hapo hadi mapumziko ya uji.

Cha kufanya: chukua daftari, andika kila sehemu yenye mtoto chini ya miaka saba kwenye kata yenu na jina la anayewafundisha au kuwalea. Deikea zisizo na kibao ziandike pia. Ukishindwa kujaza jina la mwalimu unayempita kila asubuhi, hapo ndo pa kuanzia, nenda kamsalimie.

HATUA YA PILI: mdomo mbele ya mzazi

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo tunapoharibiana zaidi. Mtoto akihama, mwezi wa kwanza hasa, mzazi anakuja kwako akiwa na hasira na kule alikotoka, na anataka umuunge mkono. Anasema "mwalimu yani huko miaka miwili hata jina lake hajui kuandika, nimepoteza hela tu." Ukijibu "eeh huko ndo walivyo" umempa silaha, na kesho atakuja kuitumia kwako. Mzazi aliyefundishwa na mwalimu kumdharau mwalimu mwingine hatabakiza mtu.

Jibu linaweza kuwa hivi: "Nashukuru umemleta mama. Nipe wiki mbili nimuone mwenyewe, kisha tutakaa tuongee alipofika na tunaanzia wapi." Basi. Hujamtetea mtu kwa uongo na hujamchoma mtu. Akiendelea kuchimba, mwambie "mwalimu wake wa kwanza namfahamu, nitampigia nimuulize alikuwa anapenda nini." Hiyo sentensi moja inamfanya mzazi ajue kumbe nyie mnaongea, na mzazi anayejua walimu wanaongea hapeleki maneno huku na kule.

Alafu kweli mpigie. Usimpigie kumhoji, muulize tu mtoto alikuwa anatulia na nini, anakula vipi, kuna kitu cha kuangalia. Mwenzio akipigiwa simu ya hivyo mara moja tu hatokusema vibaya tena, nimeona inavyofanya kazi hata kwa watu waliokuwa hawasalimiani.

Mambo ya kukubaliana kwenye kata nzima, kwa mdomo tu inatosha:

Hatutaji jina la kituo kingine vibaya mbele ya mzazi wala kwenye status. Hatumsahihishi mwenzetu mbele ya watoto, hata kama kaandika herufi vibaya ubaoni, unasubiri watoto watoke. Dada msaidizi anaitwa dada au mwalimu fulani mbele ya watoto, hatumuiti "wewe" wala kumpigia mluzi, maana mtoto wa miaka minne anaiga, na akishaiga dharau kwa anayemvalisha viatu itakuchukua muhula mzima kuitoa. Na matangazo ya mwezi wa kwanza, yale ya "kwetu mtoto anasoma Kiingereza ndani ya miezi mitatu tofauti na wengine", hayo maneno "tofauti na wengine" yatoke. Jisifu unavyotaka ila usijisifu kwa mgongo wa mwenzio.

HATUA YA TATU: karatasi moja ya kumkabidhi mtoto

Mtoto anatoka deikea anaenda awali, anatoka awali anaenda darasa la kwanza, na hakuna anayemkabidhi. Anaachwa tu getini. Mwalimu wa darasa la kwanza anaanza KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) na watoto ambao hajui lolote kuhusu wao, anaona wengine hawashiki penseli, anasema "awali huko wanafanya nini sijui." Hapo ndo ugomvi wa awali na la kwanza unapozaliwa kila mwaka.

Tengenezeni karatasi, upande mmoja tu, mkono unatosha. Iwe na jina analoitwa nyumbani, nani anamleta na nani anaruhusiwa kumchukua, lugha ya nyumbani kwao, anatumia mkono gani, anaenda choo mwenyewe au anahitaji kukumbushwa, chakula kinachomdhuru, kama anasikia na kuona vizuri kwa unavyomuona wewe. Kisha mistari mitatu minne ya kawaida kabisa, mfano: "Anahesabu hadi 10 kwa vitu lakini kwa mdomo anaruka 7. Anapenda kona ya duka la kuigiza. Akinyamaza sana muulize kama kala. Akilia usimbebe, mpe maji akae karibu na wewe." Mistari kama hiyo inamuokolea mwenzio mwezi mzima wa kubahatisha.

Usiandike ripoti ya kumsifia kila mtoto na wala usiandike "mzito". Neno mzito likishaandikwa linamfuata. Andika ulichoona kwa macho. Mambo ya siri ya familia, ugonjwa, kesi ya wazazi, hayo hayaandikwi kwenye karatasi inayozunguka, yanasemwa ana kwa ana na kwa anayehusika tu, na mzazi awe anajua.

Deikea nyingi zinaogopa kutoa taarifa yoyote kama mzazi bado anadaiwa. Jamani deni la mzazi lidaini kwa mzazi. Mtoto hajakopa.

Mwezi wa kumi na moja, kabla shule hazijafungwa, mwalimu wa awali amuombe mwalimu wa darasa la kwanza aje akae kipindi kimoja tu. Vipindi vya awali ni dakika 20, hatapoteza kitu. Akiona watoto wanapima mchanga kwa vikopo na kubishana kipi kimejaa ataelewa kwamba hiyo ni hisabati, na januari hatouliza mlikuwa mnacheza tu au vipi.

HATUA YA NNE: Jumamosi ya zana

Hii ndo inayoshika watu. Jumamosi moja kwa mwezi, saa tatu hadi saa sita, darasa lolote la awali lenye mikeka. Kila mtu aje na takataka: maboksi, visoda, vifuniko vya chupa za maji, vijiti, mbegu za ukwaju, vipande vya kitenge, na gundi kama ipo. Uji au chai achangie mwenye uwezo siku hiyo, msiweke kiwango.

Anzeni na kitu kimoja kinachoisha siku hiyo hiyo. Mimi napendekeza kadi za namba za 1 hadi 10. Boksi la katoni ya sabuni mnakata vipande vya ukubwa wa kiganja, upande mmoja namba kubwa kwa makapeni, upande wa pili visoda vinabandikwa kwa idadi ya hiyo namba. Seti moja inakula visoda 55, kwahiyo mkiwa walimu kumi mnahitaji 550, waambieni wauza soda wawawekee wiki mbili kabla. Visoda vigongwe kingo kwa nyundo au jiwe mpaka zilale, visikate vidole, na kwa wale wa chini ya miaka mitatu msitumie visoda wala mbegu kabisa, wanaweka mdomoni. Kwao tumieni vifuniko vikubwa vya ndoo.

Wakati watu wanakata ndo maongezi ya kweli yanatoka, mwenye watoto themanini anasimulia anavyowapanga kwa makundi ya kona, wa deikea anasimulia anavyomlaza mtoto asiyetaka kulala, na hapo yule mlezi uliyemuita hausigeli unakuta anajua kumtuliza mtoto kuliko nyie wote wenye stashahada. Mwacheni afundishe. Akae mbele, aonyeshe, wenye vyeti waandike. Hili nalisisitiza sana kwasababu heshima ya mlezi haitapatikana kwa kumwambia tunakuthamini, itapatikana siku watu wenye vyeti wakionekana wanaandika anachosema.

Kuna kitu kidogo kinachoua hizi Jumamosi, nacho ni mtu kupiga picha zana ya mwenzie na kuiposti kama yake. Wekeni desturi, nyuma ya zana kuna jina la aliyebuni, ukiiga unalibakisha. Na mwenye laptopu akiandaa nyimbo au picha za kufotokopi asiziuze kwa wenzie waliomfundisha nusu ya hizo nyimbo.

HATUA YA TANO: kuangaliana vipindi bila kukaguana

Ukisema unaenda kuangalia kipindi cha mwenzio, cha kwanza anachofikiria ni mthibiti ubora. Kwahiyo usiende na daftari, usikae nyuma. Kaa chini kwenye mkeka na watoto, imba nao, shika zana. Kabla ya kuingia muulize mwenyeji "unataka nikuangalizie nini?" na uangalie hicho tu. Kama kasema muangalizie wale wawili wanaokaa dirishani kama wanashiriki, basi habari za nguo yake na mwandiko wake hazikuhusu.

Mkitoka, yeye aanze kuongea. Wewe unasema ulichoona, mfano "yule mwenye sweta nyekundu kainua mkono mara tatu hukumuona", husemi "huwajali watoto wa nyuma". Wiki inayofuata yeye anakuja kwako, asipokuja hiyo haikuwa kuangaliana. Zile shule za awali za madrasa Zanzibar zimejengwa kwa namna ya karibu na hii, walimu ni wanawake wa mtaa huohuo wanafundishwa wakiwa kazini na mkufunzi anawafuata darasani kwao, na hakuna aliyesubiri kwanza apelekwe chuo miaka miwili ndo aitwe mwalimu.

HATUA YA SITA: grupu la wasapu na hela

Fungueni grupu baada ya Jumamosi ya kwanza, wawemo waliofika. Maadmini wawe watatu, mmoja wa serikali, mmoja wa chekechea binafsi, mmoja mlezi wa deikea. Sheria chache: hakuna picha ya mtoto inayoonyesha uso, hakuna jina la mzazi anayedaiwa, hakuna siasa, hakuna biashara ya mafuta ya nywele (hii naijua itavunjwa, ila iwepo). Voisi ndefu za usiku wa manane tuma kwa mmoja anayehusika.

Hela ndo inaua vikundi. Msiunganishe grupu la kazi na kikoba. Anayetaka kikoba aanzishe pembeni na wanaotaka, na mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri pia ifuatwe huko na kikundi kilichosajiliwa kwa ajili hiyo, kwa afisa maendeleo ya jamii. Kwenye umoja wa walimu kubakini na vitu viwili tu vya kuchangia, zana na msiba, na aliyeshika hela atume picha ya risiti siku hiyohiyo bila kuulizwa. Mlezi wa deikea anayelipwa kidogo akishashindwa kuchangia harusi ya mwalimu asiyemjua vizuri ataona aibu, atatoka kimyakimya, na mtakuwa mmempoteza mtu mliyemtafuta kwa miguu.

HATUA YA SABA: ingieni ofisini mkiwa na jambo moja

Mkishakuwa na miezi kadhaa ya kazi inayoonekana, ndo mnaenda kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata. Sio kulalamika. Kuna utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu wanakutana shuleni kwao na kwenye kundi la shule za jirani kujadili ufundishaji. Tatizo awali mnakaa humo mnasikiliza hesabu za sehemu za darasa la sita. Ombeni kipindi kimoja kila muhula kiwe cha awali, na ombeni walezi wa deikea waruhusiwe kukaa. Barua iwe fupi:

"YAH: OMBI LA KIPINDI CHA ELIMU YA AWALI KATIKA MEWAKA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi walimu wa awali na walezi wa vituo vya kata hii tunaomba kupatiwa kipindi kimoja kila muhula kujadili makabidhiano ya watoto kati ya vituo, awali na darasa la kwanza. Tunaambatanisha mfano wa fomu tunayotumia na orodha ya walioshiriki."

Ile karatasi ya hatua ya tatu ndo inafanya barua isomwe. Nakala moja mpelekeeni afisa ustawi wa jamii, maana walezi wako chini yake na akisikia kwa watu wengine ataona mnamruka.

HATUA YA NANE: pale umoja unapojaribiwa

Kuvutana watoto na wafanyakazi kutatokea tu. Mmiliki akimchukua mlezi wa mwenzie kwa kumuongezea elfu thelathini sio kosa la mlezi, mtu anatafuta maisha, msimtoe kwenye grupu. Ila aage na akabidhi watoto, asipotee jumatatu asubuhi.

Jambo moja halina mjadala. Mwenzenu akimpiga mtoto akamuumiza, akamfungia, au kukiwa na dalili za mtoto kuchezewa, hapo hamlindani. Hakuna "tuyamalize wenyewe kwa heshima ya kazi". Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, mwone afisa ustawi wa jamii, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Usimhoji mtoto mara kumi, andika alichosema kwa maneno yake na saa aliyosema. Lisemeni hili Jumamosi ya kwanza kabisa wakati hakuna anayetuhumiwa, maana likija kusemwa baada ya tukio mtu ataona ameundiwa.

HATUA YA TISA: maslahi

Wa serikali mna Tume ya Utumishi wa Walimu na vyama vyenu vya wafanyakazi. Wa binafsi na deikea ndo wengi hawana hata mkataba, na hapa wenye uzoefu wa makaratasi wawasaidie, huo ndo umoja unaolipa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chama cha kusajiliwa, ila kwa kata moja sioni haja, jiungeni na kilichopo kinachopokea watu wa binafsi.

Anayeanza kazi adai maandishi: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani na unalipwa lini, likizo. Aulize namba yake ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na aikague mwenyewe, wapo wanaokatwa na hakipelekwi kitu. Akiachishwa kwa njia anayoona sio halali, ana siku 30 kufungua mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na madai mengine siku 60. Hizo siku zinaisha haraka sana mtu akiwa analia nyumbani, kwahiyo mmoja kwenye grupu awe ndo mtu wa kuulizwa, na aliyeachishwa asindikizwe, asiende peke yake. Abebe mkataba kama upo, barua, meseji za mwajiri, miamala ya mshahara kwenye simu, na kama hana chochote kati ya hivyo abebe picha za darasani na mashahidi wawili waliokuwa wanamuona kazini kila siku, ambao mara nyingi ni nyie nyie wa Jumamosi ya zana.